Mwaka Ambao Khisa Alinyamaza

Gerishon Khisa alikuwa anaongea. Siwezi kuanzia mahali pengine. Alikuwa na mambo mengine pia: mke, binti yake Nabwire, baiskeli nyeusi na meno mazuri. Lakini ungemuuliza mtu yeyote wa mtaa wetu wa Langas mwaka wa 1987 Khisa ni nani, angekuambia ni yule anayeongea.

Mimi nilijua kuliko wengine, kwa sababu chumba changu na chumba chake vilitenganishwa na ukuta wa mbao. Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya wakili mjini Eldoret. Kutwa nzima nilisikiliza mashine, na nikifika nyumbani nilimsikiliza Khisa. Mashine ilikuwa na afadhali, maana ilinyamaza mkono ukipumzika.

Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha nguo. Siku moja mwezi wa Februari alirudi saa nne asubuhi na kumwambia mkewe, Tryphosa, kwamba ameacha kazi. Kampuni moja ya Nairobi, ambayo sasa haipo, ilikuwa imempa sufuria za kuuza. Zilikuwa nzito, za chuma kisichoshika kutu, na kitako chenye tabaka tatu. Ilisemekana zinaivisha maharagwe kwa saa moja. Ila kuuza peke yake hakukutosha. Kila muuzaji alitakiwa atafute watu wa kuuza chini yake, nao wapate wa chini yao, na kuendelea hivyo mpaka Kenya nzima ipikie sufuria moja.

Tryphosa alikuwa anakata sukuma wiki. Hakuinua kichwa.

"Sawa," alisema. "Basi turudi Kimilili."

Khisa alicheka. Kimilili ndiko alikozaliwa. Ndiko alikokuwa na shamba la ekari mbili karibu na kaka yake, na kwa Khisa kurudi huko maana yake ilikuwa moja tu: mjini kumekushinda. Akamwambia mkewe ampe nafasi mpaka Disemba. Akipata watu kumi na wawili chini yake, kampuni itamkabidhi eneo lote la Uasin Gishu, na wao watakaa Eldoret kama watu wengine wanaojiheshimu. Asipopata, Januari watarudi Kimilili.

"Sawa," Tryphosa alisema tena, akaendelea kukata sukuma.

Ploti nzima, sisi wapangaji wote, tulijua habari hiyo kabla ya saa sita. Tulimhurumia Khisa kwa sababu mke wake alikuwa amemwekea Kimilili mbele kama fimbo. Hivyo ndivyo tulivyoielewa, nami nilikuwa wa kwanza kuisimulia hivyo.

Mtu wa kwanza chini ya Khisa nilikuwa mimi. Alikuja kunieleza kuhusu sufuria isiyounguza maharagwe, akaeleza mpaka maharagwe yangu yakaungua. Nilitia sahihi ili aende kwake. Wa pili alikuwa Wepukhulu, fundi wa saa, mtu mwema asiyesikia vizuri sikio la kulia, ambaye alijiunga akidhani ni chama cha mazishi. Tulipomweleza baada ya wiki mbili, alisema si kitu, sote tutakufa, akabaki.

Kisha hakukupatikana wa tatu. Meneja wa Nairobi alikuja Machi kutufundisha. Alivaa tai nyekundu na kutuita familia, ingawa mimi aliniita Auma mchana kutwa na jina langu ni Awuor. Alisema mteja ni kama moto wa kuni, ukiacha kupuliza unazimika, kwa hiyo muuzaji asinyamaze hata dakika moja. Khisa alifurahi sana. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye tai kumsifu kwa tabia yake. Akapuliza. Alipuliza Langas, Huruma na Maili Nne. Watu walianza kumjua kwa mlio wa sufuria kwenye baiskeli, na wakiusikia walizima redio na kukaa kimya ndani mpaka apite.

Mwezi wa sita akaenda Kapseret, kwa sababu huko walikuwa hawajamsikia.

Alifika kwa Mama Hellen saa kumi na moja jioni, saa ya kukamua. Mtu wa Kapseret hawezi kufanya kosa hilo, hata akiwa mlevi. Mama Hellen alikuwa mjane wa makamo, kiongozi wa kina mama kanisani, na alikuwa na ng'ombe watatu wa gredi ambao maziwa yao yalisomesha watoto. Alikuwa ameinama chini ya ng'ombe mweusi, ndoo katikati ya magoti. Khisa aliegemeza baiskeli kwenye ua, akafungua sufuria na kuanza. Alimaliza kueleza tabaka ya kwanza, akaingia ya pili.

Mama Hellen aliacha kukamua.

"Hii ng'ombe imefunga maziwa," alisema.

"Pole, Mama. Sasa hii tabaka ya tatu—"

"Ni wewe imefungia."

Khisa hakuwa amewahi kuambiwa hivyo na ng'ombe. Mama Hellen alimwonyesha kigoda kingine kilichokuwa kando ya ua.

"Kaa hapo. Usiseme kitu. Angalia mkono yangu tu, mpaka nimalize."

Alikaa. Haya mengine alinisimulia mwenyewe, na kwa kuwa aliyasimulia kwa maneno machache, nayaamini. Alisema kwanza alipanga atakachosema akiruhusiwa. Halafu akafikiria Disemba. Halafu yule meneja. Halafu Kimilili, na kaka yake akimwangalia akishusha vyombo kwenye lori.

"Bado hujafika," Mama Hellen alisema bila kugeuka.

"Niko hapa, Mama."

"Mwili iko hapa. Wewe uko huko mbele. Ng'ombe inajua."

Basi akaangalia mkono. Mkono ulishuka, ukapanda. Alisikia upepo wa Kaptagat shingoni, akagundua kwamba anapumua, jambo ambalo alikuwa analifanya kwa miaka thelathini na minane bila kulitazama. Akaacha kupanga. Kila mawazo yalipokimbia aliyarudisha kwenye ule mkono. Hakujua ilichukua muda gani. Alichosikia ni maziwa kugonga ndoo, kwanza kwa kusitasita, kisha moja kwa moja.

Ndoo ilipojaa Mama Hellen alimkaribisha ndani na kumpa kikombe cha mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu. Khisa alikunywa. Hakuwa na la kusema, kwani maneno yote yalikuwa yamebaki kule kwenye ua. Wakakaa. Baada ya muda mama yule akaanza kusema mwenyewe. Binti yake Hellen alikuwa amechumbiwa, wageni wa posa wangekuja Agosti, watu si chini ya arobaini, na sufuria yake kubwa ilikuwa imezibwa na fundi mara tatu na bado inavuja. Alikuwa anaogopa aibu. Hakuwa amemwambia mtu. Khisa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: wageni wangepikiwa nini.

Mama Hellen alinunua sufuria kubwa kuliko zote. Kisha akauliza kama dada yake anaweza kuja kuiona.

Aliporudi nyumbani Khisa alikula, akasema asante na akalala. Tryphosa alikuja kunigongea asubuhi kuniuliza kama nina dawa ya malaria.

Tangu siku hiyo Khisa alibadilika, na mabadiliko yake yalitusumbua kuliko kelele. Kila asubuhi kabla ya jua kushika alitoa kigoda uani, akakaa na kutazama chini, akipumua. Mke wa mwenye ploti alisema Khisa amerogwa na watu wa Kapseret, tena bure. Mimi nilipata usingizi mzuri, kwa hiyo sikuuliza. Akifika kwenye lango la mteja alisimama kwanza, akavuta pumzi kumi polepole, na hapo ndipo alipobisha hodi. Akikaribishwa alikaa na kuwa pale. Hakuwa anangojea zamu yake ya kusema, na watu waliijua tofauti hiyo upesi. Wanawake walimweleza habari za waume, za magoti, za watoto walioko bweni. Sufuria aliitoa akiulizwa kwenye mfuko kuna nini.

Nilimcheka mpaka nilipojaribu mwenyewe. Mke wa wakili wangu alipita ofisini akimngoja mumewe. Badala ya kumtajia tabaka tatu nilivuta pumzi na kumtazama. Baada ya dakika tano nilijua mambo ya ndoa ile ambayo wakili mwenyewe hakuyajua, na Ijumaa alinunua sufuria mbili, zote za kwake.

Kufikia Septemba Mama Hellen alikuwa amejiunga, na wenzake watatu wa kanisani. Akafuata Musimbi, mwalimu wa shule ya msingi kule Kaptagat, akaja na dada zake wawili na majirani wawili. Oktoba ilipoisha tulikuwa kumi na mmoja.

Khisa akaanza kutufundisha kila Jumapili baada ya kanisa, chumbani kwake. Tryphosa alitupikia chai na kutoka nje. Tulikaa kwenye kitanda, kwenye mikeka na kwenye makopo ya gorogoro, yale ya kilo mbili ya kupimia nafaka, yaliyopangwa kando ya kitanda. Makopo hayo niliyazoea. Kila Februari mtu alifika kutoka Kimilili na kopo moja la maharagwe kutoka kwa mama yake Tryphosa, mzee aliyeishi peke yake ng'ambo ya mto, karibu na shamba la akina Khisa. Tulifunga macho na kupumua mpaka Khisa agonge kifuniko cha sufuria. Ukutani alikuwa amebandika karatasi kubwa yenye miduara: chini majina yetu, katikati jina lake, na juu kabisa mduara mmoja ulioandikwa NAIROBI. Mishale iliunganisha wote.

Lazima nikumbushe miaka ile ilivyokuwa. Chama kilikuwa kimoja na masikio yalikuwa mengi. Mkutano ulihitaji laiseni. Ukikuta watu wamekusanyika wanaimba, ni kanisa. Wanakula, ni harusi. Wanalia, ni matanga. Ukikuta watu kumi na wawili wamekaa bila kuimba, bila kula wala kulia, ulijua kuna jambo.

Jumapili ya pili ya Novemba, naibu wa chifu aliingia na askari wawili. Mlango ulikuwa wazi.

"Nani anaongoza hii mkutano?"

Hakuna aliyejibu. Kifuniko kilikuwa hakijagongwa.

"Nimeuliza nani anaongoza."

Wepukhulu, bila kufungua macho, akaamua kusaidia. "Ni chama cha mazishi," alisema.

"Nani amekufa?"

"Bado."

Khisa aligonga kifuniko, akainuka na kumpa naibu wa chifu kigoda chake. Khisa wa Februari angeeleza kila kitu kwa mpigo mmoja na sote tungelala seli.

"Hawa watu wanafanya nini?"

"Wanapumua, Bwana Chifu."

"Laiseni iko wapi?"

"Hatuna, Bwana Chifu."

Naibu wa chifu alienda ukutani. Alisoma miduara kwa kidole, kutoka chini kwenda juu, na kidole kikasimama.

"Na huyu wa Nairobi ni nani?"

"Ni ofisi ya sufuria."

Wale askari walitazama sufuria. Mimi nilitazama jina langu kwenye mduara, na mpangilio ule niliokuwa nauona kila Jumapili ukanitisha. Mwenyewe ningeukamata. Niliogopa kweli, sitaki kuficha.

Khisa alikaa sakafuni mbele ya kigoda, akavuta pumzi na kumtazama yule bwana kama alivyotazama mkono wa Mama Hellen. Hakutetemeka, wala hakumbembeleza. Nikasikia kuku wa jirani. Naibu wa chifu alikohoa. Akasema anafanya kazi yake tu. Akasema kila Jumatatu anatakiwa kupeleka ripoti ya mikutano ya siri, na mtaani kwake hakuna mikutano ya siri, na akisema hakuna, wakubwa wanamuuliza kama yeye amelala. Akasema usiku hapati usingizi. Wiki ya tatu hiyo, macho yanakataa.

"Pole, Bwana Chifu," Khisa alisema.

"Hii ya kupumua," yule bwana aliuliza, "inafanywa aje?"

Khisa alimwonyesha. Yule bwana alifunga macho ili achunguze kama ni kosa. Pumzi ya saba kichwa kikaegemea ukuta na akaanza kukoroma. Askari wake walisimama wakitazamana, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaeleza kama inaruhusiwa kumwamsha. Alilala saa nzima. Alipoamka alirekebisha kofia, akasema Jumapili ijayo tuwe na laiseni na ile karatasi itoke ukutani. Jumanne mke wake alikuja kuona sufuria, akajiunga. Alikuwa wa kumi na mbili.

Barua ya Nairobi ilifika Jumamosi moja katikati ya Disemba. Nilikuwa naanika nguo uani. Tryphosa alikuwa amekaa kwenye mkeka, kopo la mwisho la gorogoro likiwa wazi mbele yake, akichambua maharagwe. Khisa alimsomea barua yote, pamoja na tarehe na muhuri. Uasin Gishu nzima ilikuwa yake.

"Tunakaa, Mama Nabwire," alisema.

"Vizuri," Tryphosa alisema. Akatupa haragwe moja lililotobolewa.

Khisa aliondoka hatua tatu, akasimama. Nadhani alitaka kuja kunionyesha barua. Badala yake alirudi, akachukua kigoda, akakaa mbele ya mkewe na kumtazama mikono. Nguo zangu ziliisha na mimi sikuondoka.

"Unanifanyia vile unafanyia wateja," Tryphosa alisema.

"Ndiyo."

"Basi ngoja nimalize."

Alichambua mpaka kopo likaisha. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya siku ya sukuma wiki:

"Haya maharagwe unajua ni ya nini?"

"Ya kula."

"Umeona siku gani nikipika? Ni mbegu. Mama ananitumia kila mwaka, nipande kwa shamba yetu. Miaka tisa sasa. Na kila mwaka nakuambia turudi Kimilili."

"Nilidhani unanitisha."

"Sijawahi kukutisha, Baba Nabwire. Nilikuwa nasema tu. Mama yangu haoni vizuri siku hizi. Anapanda kwa kupapasa." Alifuta mikono kwenye leso. "Siku umesema ukishindwa tutarudi, nilifurahi. Nikaomba Mungu ushindwe. Halafu nikakupikia vizuri kila siku, kwa sababu si makosa yako."

Nilishika kamba ya nguo. Miaka minne nilikuwa nimemsikia mwanamke huyu kupitia mbao, kila Machi akiuliza wageni kama mvua imefika Kimilili, na mimi nikadhani anapitisha muda. Nilijiona mpumbavu, na nikamkasirikia Khisa kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi.

Khisa alifungua mdomo, na nilijua kilichokuwa ndani yake: eneo, meneja, shule ya Nabwire, watu watasema nini. Alikuwa na maneno ya kutosha kumfunika mke wake mpaka Pasaka. Akaufunga. Akavuta pumzi. Zilipofika tano nilianza kumhesabia, na ya kumi alipoitoa mabega yake yalikuwa yameshuka.

"Shamba inalimwa lini?" aliuliza.

"Januari."

"Basi tuko na wiki mbili," alisema Khisa, akaikunja barua.

Waliondoka siku ya tatu ya Januari, kwa lori lililokuwa limeleta mahindi na lilikuwa linarudi tupu. Khisa alinikabidhi barua, karatasi ya miduara na kigoda. Niliandika jina langu katikati, na nikaendesha kazi ile miaka mitatu mpaka kampuni yenyewe ilipokufa. Wepukhulu alisema alijua itakufa, ndiyo maana alijiunga.

Asubuhi ya kuondoka Tryphosa alinipa kopo moja la gorogoro.

"Hii ni ya mwaka wa kwanza," alisema. "Haiwezi kuota tena. Pika tu, Awuor."

Niliyapika maharagwe yale Jumapili ile katika sufuria ya tabaka tatu, ile inayoivisha kwa saa moja. Nilianza saa tatu asubuhi, nikaongeza maji mara sita, na jua lilipotua bado yalikuwa magumu. Niliyala hivyo hivyo.